Sura ya Tano: Kitabu cha Mtoto Mkononi mwa Mtu Mzima

Liko swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza, na aghalabu huliuliza faraghani, kwa sauti ya chini: yawaje mtu mwenye umri, kazi na jamaa wa kulea, aliyepita shule akahitimu, akishika riwaya kuu inayosifiwa na walimu husinzia kabla ya ukurasa wa ishirini, ilhali hadithi aliyomnunulia mwanawe huimaliza kwa usiku mmoja, na kulipokucha akatamani nyingine? Nyuma ya swali hilo lipo jingine lenye haya ndani yake, nalo ni kwamba huenda hiyo ni dalili ya akili iliyodumaa, au ya uvivu, au ya mtu aliyeelemewa na utu uzima akatafuta maficho utotoni.

Mimi siioni kuwa dalili ya lolote katika hayo. Naamini kwamba mtu mzima anayefurahia kitabu cha mtoto amerudishiwa haki ambayo wazee wa pwani hii walikuwa nayo wala hawakuhitaji kuitetea, na kwamba furaha yake ni ya akili iliyokomaa, maana huyaona ndani ya kitabu kile mambo ambayo mtoto hajapata bado macho ya kuyaona.

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya maneno mawili. Nisemapo vitabu vikuu nakusudia vile ambavyo wajuzi wa fasihi wamevikubali kizazi baada ya kizazi kuwa ni vipeo vya ufundi wa maandishi, na ambavyo shule huviweka mbele ya wanafunzi: kwetu sisi Al-Inkishafi, mashairi ya Muyaka na vitabu vya Shaaban Robert, kwa Warusi Vita na Amani ya Tolstoy. Nisemapo vitabu vya watoto nakusudia vile vilivyotungwa au kuchapishwa kwa nia ya kusomwa na watoto, tangu vyenye picha kila ukurasa hata riwaya ndefu za vijana.

Baraza lisilouliza umri

Kugawa hadithi kwa kadiri ya umri wa msikilizaji ni jambo jipya katika nchi zetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na ambaye baadaye alifanywa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa mji ule, kwa Kiswahili chao na tafsiri yake kando. Waliomsimulia walikuwa watu wazima, wakimsimulia mtu mzima mwenzao. Miongoni mwa hadithi hizo imo ile ya Sultani Darai, ambayo leo, kwa kuwa yumo paa anayesema, mchapishaji yeyote angeiweka rafu ya watoto bila kusita.

Kisa chenyewe ni cha maskini mmoja aliyekuwa akichakura jaani kutafuta riziki, akaokota sarafu ndogo, akanunua paa. Paa yule akasema naye. Akaenda akapata almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine kuwa zawadi, akamposea bwana wake binti wa sultani yule. Akamuua joka la vichwa saba, akautwaa mji wake na nyumba yake kwa ajili ya bwana wake, hata yule mchakura jaa akawa Sultani Darai mwenye mke, watumwa na hazina. Kisha paa akashikwa na maradhi. Akamtuma bibi kizee aende juu amwambie bwana kwamba yu hawezi, na bwana, akiwa ameketi katika neema ile yote iliyotoka mikononi mwa paa, akaagiza apikiwe uji wa mtama. Mke wake alimsihi, asisikie. Paa akafa, akatupwa kisimani. Haukupita muda, mke akaamka akajikuta kwa babaye, na mume akajikuta jaani akichakura.

Mtoto akiisikia hadithi hii hulifurahia joka la vichwa saba, na ana haki. Mtu mzima hukomea penye uji wa mtama. Ikiwa amepata kuwa na mzazi mgonjwa kijijini ambaye alimpelekea fedha kidogo na salamu nyingi, au mtu aliyemfikisha mahali alipo kisha akamwona kuwa ni mzigo, hana budi kuwekewa mizani mbele yake usiku ule ule, wala hakuna mwalimu aliyemwambia kuwa hapo ndipo penye fundisho. Nakiri kwamba sijui riwaya nyingi kubwa zinazoeleza utovu wa shukrani kwa ukali wa namna hii na kwa maneno machache kiasi hiki.

Abunuwasi naye ni hivyo hivyo. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Khalifa Harun al-Rashid. Huku kwetu amekuwa mwerevu wa mjini, rafiki wa wanyonge, na Hekaya za Abunuwasi zimepita mikononi mwa watoto wengi wa shule. Lakini hebu tazama zinahusu nini: deni, kesi, mirathi, tajiri anayemdhulumu maskini kwa hoja za kisheria, na hukumu inayogeuzwa kwa hoja nyingine iliyo kali zaidi. Mtoto hucheka, aliyewahi kusimama mbele ya karani au hakimu na kuambiwa jambo lisiloingia akilini hucheka zaidi, maana anajua uchungu ambao kicheko kile kinautibu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1939 J. R. R. Tolkien, mtaalamu wa lugha za kale ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amechapisha The Hobbit, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, akadai kwamba hadithi za maajabu hazikupelekwa chumba cha watoto kwa sababu zinawafaa wao hasa. Zilipelekwa, alisema, kwa sababu iliyopeleka huko viti na meza kuukuu: wakubwa walikuwa hawavitaki tena sebuleni.

*Kwa muhtasari wa sehemu hii: hadithi za kale zilikuwa mali ya baraza zima. Shule na biashara ya vitabu ndizo zilizozipa umri.*

Hoja tatu kutoka kila kitabu

Sasa tuutazame upande wa pili wa swali, yaani kwa nini vitabu vikuu hutuchosha. Wengi hudhani ni kwa sababu ni vizito. Uzito upo, lakini naona sababu kubwa zaidi ni namna tulivyokutanishwa navyo.

Katika shule za sekondari za Afrika Mashariki kitabu kikuu huja kwa jina la kitabu teule, yaani kilichochaguliwa kutahiniwa. Mwanafunzi hufundishwa kukipasua sehemu mbili: maudhui, ambayo ni yale yasemwayo, na fani, ambayo ni namna yanavyosemwa. Chini ya maudhui huorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Chini ya fani huorodhesha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kisha huja swali la mtihani linalomtaka athibitishe kauli fulani kwa kutoa hoja tatu kutoka kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Kwa kuwa muda ni mchache na nakala darasani hazitoshi, hununua mwongozo, kijitabu chembamba ambamo dhamira na migogoro zimekwisha pangwa, akauhifadhi, akafaulu, pasipo kusoma riwaya yenyewe hata ukurasa mmoja.

Siwalaumu walimu, ambao wengi wao hufanya kazi ya jihadi katika madarasa yaliyofurika, wala uchambuzi si dhambi. Lakini mtu aliyefunzwa kwa miaka kwamba kitabu ni ghala la majibu ataendelea kukisoma hivyo hata atakapokuwa na mvi: kila afunguapo riwaya kuu atasikia nafsini mwake sauti ikimwuliza dhamira ni ipi, na kwa kuwa hakuna tena cheti cha kupata, atalala. Kitabu cha mtoto hakimwamshii sauti hiyo. Hakuna aliyewahi kumtahini juu ya sungura na fisi, kwa hiyo anapowasoma husoma kama msomaji wa kweli apaswavyo kusoma, akitaka tu kujua kilichotokea baadaye.

Ramani ya Braemar

Yupo mtu mzima mmoja ambaye habari zake zanifurahisha kuliko zote katika jambo hili, na jina lake halimo katika jalada la kitabu chochote cha hadithi. Ni Thomas Stevenson, mhandisi wa Kiskoti, mjenzi wa minara ya taa inayoongoza vyombo baharini, mtu wa dini na wa hesabu, aliyekuwa amepita miaka sitini.

Katika majira ya joto ya mwaka 1881 mwanawe, Robert Louis Stevenson, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu tangu utoto, alikuwa amepanga nyumba huko Braemar, milimani Scotland, pamoja na mkewe na Lloyd, mtoto wa kambo aliyekuwa angali kijana mdogo. Mvua haikukatika. Siku moja, katika kumshughulisha kijana yule kwa rangi na karatasi, ikachorwa ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani, chenye ghuba na vilima na alama za mahali palipofukiwa mali. Stevenson akiitazama ramani, akawaona watu wakitembea ndani yake, akaanza kuandika sura moja kila siku, na kila alichoandika akakisoma kwa sauti mbele ya jamaa zake.

Hadithi ilikusudiwa kijana. Walakini Thomas Stevenson alipofika kuwatembelea na kuisikia, ilimteka kabisa. Mwanawe ameeleza baadaye kwamba mzee huyo, maisha yake yote, kila usiku kabla ya usingizi, alikuwa akijisimulia hadithi za merikebu, za nyumba za wageni kando ya njia, za wanyang'anyi na mabaharia wa zamani, na wala hakupata kuzimaliza. Sasa alisikia kwa masikio yake hadithi ya namna ile ile, na hii ilikuwa na mwendo wa kufika mwisho. Ulipofika wakati wa kufungua sanduku la baharia mzee Billy Bones, mhandisi yule aliketi sehemu kubwa ya siku nzima akaandika, nyuma ya bahasha, orodha ya vitu vilivyomo, na mwanawe akaifuata. Jina la merikebu ya Kapteni Flint, mwizi wa bahari katika hadithi ile, yaani Walrus, likatiwa kwa matakwa ya mzee huyo.

Nakuomba msomaji uiangalie bahasha ile. Mtu ambaye hesabu zake zilikuwa zikiokoa roho za mabaharia katika bahari iliyo kali kuliko nyingi duniani amekaa na kalamu, akipima kwa makini yale yale ni vitu gani vingefaa kuwamo katika sanduku la mwizi wa bahari asiyekuwako. Hakuna utoto hapo. Umo ujuzi wa miaka mingi wa bahari, uliopata mahali pa kuchezea.

Kitabu kilitoka kwanza sehemu kwa sehemu katika gazeti la vijana, kikawa kitabu kamili mwaka 1883, na mwaka uliofuata Henry James, ambaye riwaya zake mwenyewe ni miongoni mwa zile nzito zisizosomeka kwa haraka, alikisifu hadharani katika insha yake juu ya ufundi wa riwaya. Sisi tulikipata kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, kwa tafsiri ya Frederick Johnson, yule yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1930. Asiyepata kukisoma kwa Kiswahili amekosa kitu, maana habari za tanga, nanga na tezi zikisemwa kwa lugha ya watu wenye bahari zina ladha yake.

Haya na jalada

Je, haya inatoka wapi? Inatoka kwa macho ya watu. Riwaya ya kwanza ya Harry Potter ilipotoka Uingereza mwaka 1997, watu wazima waliisoma kwa wingi hata wachapishaji, mwaka uliofuata, wakatoa nakala yenye jalada jingine la kiutu uzima, maneno ndani yakiwa yale yale, ili mtu aweze kuisoma ndani ya treni pasipo kutazamwa. Huko Marekani vitabu hivyo vilikaa juu ya orodha ya mauzo ya gazeti la New York Times muda mrefu hata mwaka 2000 gazeti likaanzisha orodha ya pekee ya vitabu vya watoto. Walioona haya hawakuwa wachache basi. Walikuwa umati, kila mmoja akidhani yu peke yake.

Antoine de Saint-Exupéry, rubani wa Kifaransa, alilitatua jambo hili kwa njia iliyo bora zaidi. Kitabu chake kuhusu mwana mdogo wa mfalme, kilichotoka New York mwaka 1943 wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani, na ambacho tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme, alikitabarukia mtu mzima, rafiki yake Léon Werth aliyebaki Ufaransa katika njaa na baridi, akawataka radhi watoto kwa kufanya hivyo. Mwaka mmoja baadaye rubani akapotea na ndege yake. Mtoto asomapo habari za yule mfanyabiashara anayehesabu nyota na kusema ni mali yake humwona kuwa kichekesho. Lakini mtu aliyetoka kazini jioni, kichwani mwake zikiwa zingali zinazunguka tarakimu za siku nzima, humtambua mara moja, na pengine hufunga kitabu kwa muda.

Namna ya kuchagua

Isidhaniwe kwamba kila chenye picha ya sungura jaladani chastahili saa zako. Vipo vitabu vingi vya watoto vilivyoandikwa kwa haraka, vyenye mafunzo yaliyobandikwa mwishoni, navyo humchosha mtoto kama vinavyomchosha mzazi. Mimi huangalia mambo haya:

- Je, kisa kingesimama lau fundisho lingeondolewa?
- Je, sentensi zasomeka kwa sauti bila ulimi kujikwaa? Mwandishi wa watoto hujua kuwa kitabu chake kitasomwa kwa sauti, na hiyo ndiyo sababu vilivyo bora huwa na lugha safi kuliko riwaya nyingi.
- Je, mwandishi amewaamini watoto kwa mambo mazito, kama vile kifo, njaa, usaliti na hofu?

Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu wa Oxford aliyechapisha hadithi ya Alice mwaka 1865, anashinda mtihani huo wote. Kiswahili kina tafsiri zake mbili: Elisi Katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Penye baraza la hukumu, Malkia anapotaka adhabu itangulie na uamuzi ufuate, hakuna fundisho lililobandikwa. Lakini raia yeyote wa dunia hii amepata kusikia mambo ya namna hiyo.

Kwa wengi wetu si kurudi

Wazungu waandikapo juu ya jambo hili husema kurudi: mtu mzima anarudia vitabu vya utoto wake. Kwa wengi wetu neno hilo halina mahali pa kukaa. Nyumba nyingi za Waswahili hazikuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja; palikuwapo Msahafu au Biblia, daftari la shule, na pengine gazeti la kufungia bidhaa. Watoto wa nyumba hizo walipata ngano kwa bibi, na bibi alipofariki wakapata redio. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee kwa mamilioni wakaketi chini ya miembe na ubao, vitabu walivyotiliwa mkononi vilikuwa vya kilimo bora cha pamba na migomba, uvuvi, na afya. Vilikuwa vya manufaa makubwa na sitavidharau. Kazi ile ilikuwa ya fahari. Lakini mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini alipewa mbolea kabla ya kupewa sungura, na wengi wao hawakufika kwa sungura kamwe.

Ndiyo maana furaha ya mtu mzima wa kwetu mbele ya kitabu cha mtoto ni furaha ya mara ya kwanza. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukiwasaidia wachapishaji wa humu nchini kwa kununua sehemu ya nakala wanazochapa na kuzigawa shuleni, na kwa hiyo mtoto wa leo hupata kuleta nyumbani kitabu cha Kiswahili ambacho mzazi wake hakupata kukiona. Mzazi na asione vibaya kukitwaa mtoto akilala.

Kwa anayetaka kuanza, ningeshauri aanze na Abunuwasi, kwa sababu visa vyake ni vifupi na vingine atakuwa amevisikia kinywani mwa watu. Kisha achukue Kisiwa chenye Hazina, na akisome kwa sauti ikiwa ana mtu wa kumsikiliza. Cha tatu kiwe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, ambacho shule imekiweka miongoni mwa vitabu vikuu, ingawa ndani yake mna mfalme Rai wa Ughaibuni, mjumbe aliyetumwa kukusanya kodi, na liwali mwema ambaye kila usiku, kwa huzuni na pasipo kupenda, huwapiga manyani wawili aliowafungia nyumbani mwake. Msomaji aliyepitia vile viwili vya kwanza atakapofika hapo atataka kujua sababu ya kipigo kile, naye atafungua ukurasa unaofuata.